Kwa Heshima ya Mnara Unaobeba Lawama

Mnara wangu wa antena una urefu wa mita 12, umesimama nyuma ya jiko, na mpaka leo haujapata mshairi. Minazi imesifiwa, majahazi yamesifiwa, karafuu imesifiwa mpaka ikaota kiburi. Chuma hiki kilichosimama jua na mvua, kwa afya na kwa kutu, hakuna aliyekitungia hata ubeti. Basi kwa kuwa wenye vipaji wamenyamaza, nitasema mimi niliyekigharamia. Hapa Tanga hakuna mtu mwenye sababu nyingi kuliko zangu za kukichukia, na sifa za mtu wa namna hiyo haziwezi kudhaniwa ni za upendeleo.

Kwa asiyejua, mnara huu ni wa redio ya ridhaa. Tuko watu duniani kote, si watangazaji wala si askari, wenye leseni za serikali zetu, tunaozungumza wenyewe kwa wenyewe hewani kuvuka bahari, bila kulipwa na bila vocha. Kila mmoja ana alama yake ya kituo: ya Tanzania huanza na 5H, ya Kenya 5Z, ya Oman A4. Na ili sauti ifike mbali, antena lazima ipande. Wimbi la megahezi 14 lina urefu wa karibu mita 21. Antena ikiwa karibu na ardhi, nguvu yake nyingi huishia juu mawinguni, ambako hakuna wa kuzungumza naye. Ikipanda nusu ya wimbi, mita kumi hivi, sauti huanza kulala kuelekea upeo wa macho, na hapo ndipo Muscat na Tokyo huitika. Hiyo ndiyo sababu ya mnara. Naitaja mapema kwa kuwa mtaani kwetu sababu zinazotajwa ni nyingine kabisa.

Nianze na fadhila ndogondogo nizimalize. Mnara humtua mtu mzigo wa akiba: ukishanunua vyuma, waya za kushikilia, kebo, saruji, kokoto na nondo, huna tena cha kukukosesha usingizi benki. Mnara hutoa ajira kwa fundi wa kuchomelea, fundi wa zege, kijana wa kupanda, na kijana wa kumwangalia kijana wa kupanda. Mnara ni hifadhi ya ndege. Wale kunguru wa Kihindi walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale taka, kisha wakaamua kula kila kisichokuwa taka, wamejenga kileleni kiota cha vipande vya waya walivyookota huku na huku. Kwa ufundi walioutumia, kiota kile ni antena kamili. Kilichobaki ni kuwaombea leseni. Tena mnara huongeza ucha Mungu. Upepo ukizidisha kasi yake mara mbili, msukumo wake huzidi mara nne. Kanuni hii niliisoma shuleni kwa amani. Siku hizi kusi likivuma naidurusu saa nane za usiku, nimelala chali, nasikiliza waya zikilia, na dua zangu zina usahihi wa kihesabu.

Isitoshe, mnara wangu una nasaba. Umetoka katika ukoo mtukufu ambao shughuli yake kuu katika historia imekuwa kuanguka. Mwaka 1901 Marconi alisimamisha Poldhu, Uingereza, duara la milingoti 20, kila mmoja ukiwa na mita 60 na ushei. Mwezi Septemba upepo ukaiangusha. Ng'ambo ya pili, Cape Cod nchini Marekani, akasimamisha mingine. Novemba nayo ikaenda chini. Desemba 12 mwaka huohuo, akiwa Newfoundland, alirusha waya kwa tiara, na kwa waya huo akasema amezisikia nukta tatu za herufi S kutoka Poldhu. Kwa maneno mengine, siku kubwa kuliko zote katika taaluma yetu, upande wa kupokea hapakuwa na mnara. Poland nao walijenga wa mita 646 pale Konstantynów, ukakamilika mwaka 1974, mrefu kuliko chochote ambacho binadamu alikuwa amewahi kukisimamisha. Ulistahimili dhoruba na theluji kwa miaka 17, kisha Agosti 8, 1991 ukaanguka mikononi mwa mafundi waliokuwa wakibadilisha waya zake. Uliponzwa na matengenezo. Nikiulizwa kwa nini nachelewa kufanya matengenezo, huwajibu watu kwa mfano huo, nao hukosa la kusema. Na ukoo huu una wafalme pia: Hussein wa Jordan alizungumza hewani kwa alama ya JY1, na Sultani Qaboos wa Oman kwa A41AA. Nadhani wale hawakuulizwa kibali cha ujenzi. Lakini hilo tutalifikia.

Sasa nije kwenye fadhila yenyewe, ile ambayo ingetosha kuupatia mnara nishani ya taifa. Mnara hubeba lawama. Hauchagui, haukatai, hauombi muda wa kufikiri. Mtaa usio na jalala, taka huishia mlangoni pa mtu. Mtaa usio na mnara, lawama huishia chumbani kwake. Sisi tunao mnara, na ndiyo maana tunaishi vizuri.

Jioni moja bibi wa nyumba ya pili alinijia na khanga yake begani, tamthilia ikiwa imemkatikia mahali ambapo mke mdogo alikuwa karibu kufumaniwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hebu zima hilo dude lako, limenila televisheni."

"Bibi, redio imezimwa tangu asubuhi."

"Basi iwashe, pengine itairudisha."

Nikamfuata kwake. Kwenye kioo yalikuwepo maandishi makubwa, meupe, ya Kiswahili fasaha, yakieleza kwamba kifurushi kimekwisha. Nikamsomea. Akayatazama maandishi, akautazama mnara dirishani, kisha akanitazama mimi kwa huruma. "Na kifurushi hicho," akasema, "kimemalizwa na nani?"

Jibu sina mpaka leo. Ningeweza kueleza kwamba redio yangu inasema kwenye megahezi 14 na dishi lake linapokea kwenye maelfu ya megahezi, na kwamba mawimbi hayo hayajuani hata kwa salamu. Lakini ningepata faida gani? Bibi alilala bila kinyongo na kampuni ya king'amuzi, bila kumnung'unikia mjukuu anayepaswa kumlipia, na bila kujilaumu. Mnara ulikuwa umezichukua hasira zote na kuzipeleka ardhini kwa waya wa ethi, kama ulivyojengwa kufanya.

Baada ya hapo nilianza kufuatilia, na orodha ni ya kutia fahari. Vuli ilipochelewa, barazani palithibitishwa kwamba mnara unakata mawingu. Vuli ilipokuja na kujaza maji vyumbani, baraza ileile, midomo ileile, ilithibitisha kwamba mnara unavuta mawingu. Kuku wa jirani wa nyuma wameacha kutaga: mawimbi. Kuku wa jirani wa mbele wametaga mayai madogo: mawimbi, lakini ya mbali. Umeme ukikatika, mnara umeunyonya. Ukirudi kwa nguvu na kuunguza feni, mnara umeutapika. Kuna bwana mmoja, simtaji, aliyekuwa akirudi kwake usiku wa manane. Alimweleza mkewe kwamba tangu chuma kile kisimamishwe, akitoka msikitini hupotea njia. Mke alikuja kuuangalia mnara kwa makini, akazunguka zege mara mbili, akaondoka ameridhika. Ndoa ile ipo mpaka sasa. Nionyesheni mshenga mwenye mafanikio ya namna hiyo.

Ndiyo maana napendekeza kila mtaa nchini upewe mnara wake. Si lazima uwe na antena, wala redio. Antena ni anasa ya sisi wachache. Uwe mrefu, uonekane toka barabarani, upakwe rangi nyekundu na nyeupe, usimikwe karibu na ofisi ya serikali ya mtaa. Uapishwe hadharani. Uwe na daftari la malalamiko lililofungwa kwa mnyororo na kalamu ya kufungwa kwa uzi. Mwenye ugomvi na mkwewe aandike, mwanafunzi aliyefeli aandike, timu iliyofungwa ipewe ukurasa mzima. Kila mwisho wa mwaka mnara upewe barua ya onyo, na mwaka unaofuata uendelee na kazi.

Watu wa haki watasema: je, hakuna kweli kidogo katika malalamiko hayo? Kweli ipo, ila imegeuzwa kichwa chini. Chaja ya simu ya bei rahisi, taa ya LED ya bei rahisi, inveta ya sola ya bei rahisi, zote zina kisaketi kinachokata umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Kisipochujwa vizuri, hutawanya mngurumo kwenye masafa tunayosikilizia. Magharibi ikiingia, mtaa ukiwasha taa na kuchomeka simu, sauti ya mtu wa Japani niliyekuwa nikimsikia kama yuko sebuleni huzama katika vurugu ya zzzz, na sipati kitu mpaka watu walale. Anayeingiliwa ni mimi. Lakini chaja iko chini ya kitanda na haina mita 12. Nikitoka nje kulalamika, nitamwelekezea nani kidole?

Hapo ndipo mnara ulinifunza somo ambalo sikulipata shuleni: lawama haimfuati mkosaji, humfuata anayeonekana. Na sifa nayo ni hivyohivyo. Hiyo antena yenye mikono mingi iliyokaa kileleni, duniani kote huitwa Yagi, kwa jina la Profesa Hidetsugu Yagi wa chuo kikuu cha Tohoku, Japani. Sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na Shintaro Uda, na matokeo yakatangazwa mwaka 1926. Lakini Yagi ndiye aliyeonekana ng'ambo, kwa kuwa ndiye aliyekuja kuandika juu yake kwa Kiingereza, na jina likakaa kwake. Uda angekuwa na mnara wa kujisimamisha juu yake, labda leo tungesema mengine.

Kila masika ikiisha, lazima mtu apande. Chumvi ya bahari haina likizo. Unavaa mkanda wa usalama, unapanda kipande kwa kipande, unagusa kila nati. Penye zinki nzima, chuma ni cha kijivu na baridi. Penye mkwaruzo, kutu imeanza kama unga wa pilipili, na ukiikwangua unakuta shimo. Juu kabisa unafungua utepe unaofunika kiungio cha kebo, tabaka baada ya tabaka, unazungusha kishikizo, na yanatoka maji. Mvua imeingia pale ulipofunga kwa mikono miwili na mpira wa kujishika wenyewe, ikateremka ndani ya kebo kwa kufuata suka la shaba, na shaba imegeuka kijani. Kata, tupa, anza upya. Chini kimekusanyika kikao. "Mzee, geuza kulia!" "Sio hiyo, ya juu yake!" "Mwambieni ashuke, radi ikija tutasumbuka kutafuta sanda." Nati hufunguliwa na mkono mmoja na midomo mingi. Nikishuka, mmoja wao huniuliza kama nimeona kule juu kwa nini maji ya bomba hayatoki.

Hayo yote nayasamehe. Majirani wananilaumu usoni, kwa majina yao, na baadaye tunakula pamoja. Hata mwizi aliyeng'oa waya wangu wa ethi usiku, akaukatakata na kuuza shaba kwa kilo kwa mnunuzi wa chuma chakavu, namwelewa: ana njaa, na kuna mtu mwenye mizani anayemwambia hatauliza ulikotoka. Nisichokielewa ni ile ofisi.

Leseni ya kurusha mawimbi ninayo, nimeisomea na kuilipia. Lakini chuma kusimama ardhini ni habari ya ofisi nyingine, ile ya vibali vya ujenzi. Nikaenda, kwa kuwa nililelewa hivyo.

"Mzee, hii ni nyumba ya makazi?"

"Si nyumba."

"Ni biashara?"

"Si biashara."

"Sasa unajenga cha nini?"

"Cha kuzungumza na watu wa mbali."

"Kwani huna simu?"

Nikapewa fomu ya nyumba, kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo. Idadi ya vyumba vya kulala: nikaandika hakuna. Aina ya paa: hakuna. Mchoro ukarudishwa baada ya majuma mengi, na maelezo kwa kalamu nyekundu kwamba haukuonyesha choo. Choo! Cha nani? Cha kunguru? Nikaenda kuuliza ni nani aliyeandika. Mhusika hayupo. Mhusika yuko semina. Mhusika amehamishwa, faili lake halijahamishwa, au faili limehamishwa na yeye yupo. Niliyemkuta mezani alinishauri nipate kwanza maoni ya ofisi ya tatu, na ofisi ya tatu ikataka kwanza kibali cha ofisi ya pili. Mwishowe nikapata barua: "Ombi lako linashughulikiwa." Na nani? Sentensi nzima haina mtu ndani yake. Chini kuna mkwaruzo wa sahihi, na muhuri umepigwa barabara juu ya jina, kwa ustadi, herufi hata moja isisomeke.

Kisha mimi nikaletewa ilani ya kubomoa. Kwa nini mimi? Kwa sababu ndimi niliyekwenda kuomba. Hatua mia mbili kutoka kwangu kuna mnara wa simu unaoupita wangu mara tatu, una jenereta linalokohoa dizeli usiku kucha na uzio wa waya wa miiba. Ulikuja kwa lori asubuhi moja, na mwenyekiti wetu wa mtaa aliujua siku ileile tuliyoujua sisi. Hakuna anayeulaumu kwa mvua. Hakuna aliyekwenda kuuliza choo chake. Huna pa kuupigia hodi: ubao wa getini una namba ya simu, ukiipiga unaambiwa simu zote zina shughuli. Umejifunza mapema kuliko mimi kwamba nchi hii haimwadhibu aliyejenga bila kuomba. Humwadhibu aliyejaza fomu, akaandika jina lake kwa herufi kubwa, akabandika picha yake ndogo pembeni, na kwa hiyo akajulikana nyumbani kwake ni wapi.

Wanaoniuliza chuma hiki kina faida gani huwakumbusha Desemba 26, 2004. Mawimbi ya bahari yalipovipiga visiwa vya Andaman na simu zikafa, kundi la wanaredio wa ridhaa wa India lilikuwa huko tayari na antena zao, na likawa linapeleka habari za walio hai kwa ndugu zao bara. Sikumbuki kusoma kwamba walisubiri mhusika arudi semina.

Katika kanuni za kimataifa za redio, tulizowekewa na umoja wa mawasiliano wa dunia, kuna sharti moja ninalolipenda kuliko yote. Mtu wa ridhaa akiwa hewani lazima ataje alama yake ya kituo, tena airudie kila baada ya muda mfupi. Huruhusiwi kusema neno na kujificha. Ukikosea, dunia nzima inajua ni nani amekosea. Ukiwa mpole, inajua pia. Mfalme alitaja yake, na fundi baiskeli anataja yake. Kwa zaidi ya miaka 100 ya redio hakuna aliyeuliza hewani "hili nimwambie nani?" akajibiwa na muhuri.

Naomba sharti hilo lishushwe toka hewani lije mezani. Kila barua iwe na mtu ndani ya sentensi. Kila kalamu nyekundu iwe na mkono, na mkono uwe na jina, na jina likae mahali ambapo muhuri haufiki. Anayesema mhusika hayupo aseme kwanza yeye mwenyewe ni nani. Siku hiyo nitaung'oa mnara wangu kwa mikono yangu na kuuza chuma kwa kilo, kwa kuwa hautakuwa na kazi tena: lawama zitakuwa zimepata wenyewe.

Mpaka siku hiyo, mnara utaendelea na utumishi wake. Mwenye lolote dhidi ya sifa hizi, awe jirani au mhusika, aje auambie. Uko nyuma ya jiko, uko wazi saa 24, na haujawahi kumwambia mtu aje kesho.